Tumbo la tembo

Maelezo mengi kuhusu tembo huanzia mbele: mkonga, pembe, masikio. Mimi naona ni afadhali kuanzia nyuma. Pasua kwa kijiti bonge la mavi ya tembo lililoanza kukauka kwa juu, uone kilichomo: nyasi ambazo bado ni nyasi, nyuzi za magamba ya mti, vijiti vilivyosagwa nusunusu, na kokwa za matunda zikiwa nzima, pengine nyingine zimeshaanza kuchipua. Chini ya nusu ya alichokula ndiyo iliyoingia mwilini. Iliyobaki imepita tu.

Ng'ombe, nyati na swala hucheua. Chakula chao hulala tumboni siku mbili tatu, bakteria wanakivunja, kinarudi mdomoni kutafunwa upya, na ndiyo maana hawapotezi sana. Tembo hacheui. Yeye, sawa na kifaru na punda milia, huchachusha chakula mwishoni kabisa, kwenye utumbo mpana, na baada ya siku moja na ushei mzigo umeshatoka. Mfumo wa hasara, ungesema. Lakini mpe ng'ombe magamba na vijiti vikavu vya mwezi wa kumi: tumbo litajaa na kugoma, atakonda huku ameshiba. Tembo anaweza kuishi kwa chakula duni namna hiyo kwa sababu hakikai. Ni kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka: mradi mto uko karibu na mikono haichoki, mtungi utajaa.

Na mikono kweli haichoki. Tembo mzima hula kilo 100 hadi 200 kwa siku, madume makubwa zaidi ya hapo, na kazi hiyo humla saa 16 hadi 18 kati ya 24. Maji hunywa lita 100 na kuendelea. Usingizi unabaki wa kuiba: majike wawili waliofungwa vifaa vya kupima usingizi nchini Botswana walilala wastani wa saa mbili kwa siku. Karibu kila jambo la ajabu tunalosimuliwa kuhusu mnyama huyu, zuri na baya, linatokana na hesabu hii ya chakula.

Tuanze na meno. Tembo hupata magego 24 katika maisha yake, lakini anayafanyia kazi manne kwa wakati, moja kila upande, juu na chini. Gego likichakaa, jipya halioti chini yake namna ya jino la mtoto. Linazaliwa nyuma ya taya na kusogea mbele taratibu, na lile la zamani linamegeka vipande na kudondoka. Seti ziko sita. Ya mwisho ndiyo kubwa, gego moja likifika urefu wa sentimita 30 na uzito wa kilo nne hivi, na hiyo ndiyo ya kuzeekea. Ikiisha, tembo akiwa na miaka 60 hivi, hakuna ya saba. Wazee hao huhamia mabwawani, kwenye majani laini yasiyohitaji kusagwa, na wengi hufia hukohuko. Mifupa ikikusanyika mahali pamoja kwa miaka mingi, si ajabu watu wakaanza kusimulia juu ya makaburi ya tembo. Zile pembe, kwa njia, nazo ni meno: ya mbele, na huendelea kuota hadi kufa.

Mkonga ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana, hauna mfupa hata mmoja, umejaa vifungu vya misuli makumi elfu, na kwa tembo wa Afrika unaishia kwa vidole viwili (wa Asia ana kimoja). Wahenga walishasema ndovu hashindwi na mkonga wake. Ambacho wengi hawakijui ni uwezo wake wa kunusa. Mwaka 2014 wanasayansi walihesabu jeni zinazohusika na harufu katika wanyama 13. Tembo wa Afrika alikutwa na karibu 2,000, mara tano ya binadamu na zaidi ya mara mbili ya mbwa. Anayetafuta chakula saa 18 kwa siku anahitaji kujua kilipo kabla ya kukiona.

Hata hivyo pua haitoshi. Kiangazi kikiwa kikali, maji yanaweza kuwa mbali mno hata harufu isifike, na hapo kinachookoa ni kumbukumbu ya mtu fulani. Namaanisha jike fulani.

Mwaka 1993 Hifadhi ya Tarangire ilipigwa na ukame mbaya. Katika miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa, yaani mmoja kwa kila watano, wakati kwa kawaida vifo ni wawili kwa mia. Charles Foley na wenzake walipochambua takwimu hizo na kuzitoa mwaka 2008, waligundua kwamba vifo havikugawanyika sawasawa. Makundi yaliyotoka nje ya hifadhi yalipoteza ndama wachache. Lililobaki ndani lilipoteza wengi. Kundi lililobaki ndilo lililokuwa limeumizwa zaidi na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, hivyo halikuwa na wazee. Ukame wa kiasi hicho mara ya mwisho ulikuwa wa 1958 hadi 1961. Jike aliyezaliwa baada ya hapo hakuwa amewahi kuonyeshwa njia ya kutokea.

Hivyo ndivyo jamii ya tembo ilivyopangwa. Kundi ni majike wa ukoo mmoja na watoto wao, nyuma ya jike mkubwa anayeamua lini kuondoka na kuelekea wapi. Mimba ni miezi 22, ndama hunyonya miaka miwili na zaidi, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka minne au mitano. Kwa uzazi wa namna hiyo, mtoto mmoja ni mtaji mkubwa, na anayejua kuulinda mtaji huo ni bibi.

Amboseli, ambako Cynthia Moss alianza kuwafuatilia tembo mmoja mmoja mwaka 1972, ndiko ujuzi wa hao mabibi ulikopimwa vizuri. Karen McComb na wenzake waliwasikilizisha tembo sauti za watu zilizorekodiwa, wote wakisema maneno yaleyale kwa lugha yao: tazama kule, kundi la tembo linakuja. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai iliwafanya wajikunyate pamoja, wanyooshe mikonga kunusa na kurudi nyuma. Sauti ya mwanamume wa Kikamba haikuwatisha kiasi hicho. Ya mwanamke wa Kimaasai, au mtoto wa kiume wa Kimaasai, vilevile haikuwatisha sana. Katika Amboseli ni morani ndiye hugombana na tembo kwenye maji na malisho, wala si mama yake. Tembo wameshapambanua kabila, jinsia na umri kwa kusikia tu, na utafiti wa awali wa timu hiyohiyo ulionyesha kuwa makundi yenye majike wazee ndiyo hupambanua sauti vizuri zaidi.

Mazungumzo yao wenyewe mengi hatuyasikii. Yako chini ya uwezo wa sikio letu, mngurumo mzito unaosafiri kilomita kadhaa, na jioni hewa ikitulia unakwenda mbali zaidi. Mwaka 2024 uchambuzi wa sauti za Amboseli na Samburu ulionyesha kuwa tembo huitana kwa miito maalumu kwa kila mmoja, jambo linalokaribia sana kuitana majina.

Madume wana maisha mengine. Huondoka kwenye kundi wakiwa na miaka 12 hadi 15, na baadaye huanza kuingia kila mwaka katika hali ya masti: homoni zinapanda mno, majimaji yanachuruzika kati ya jicho na sikio, mkojo unadondoka mfululizo, na hakuna wa kumsogelea. Kinachomtuliza dume kijana ni kuwapo kwa dume mkubwa. Afrika Kusini walilijifunza hili kwa gharama. Katika hifadhi ya Pilanesberg walipelekwa ndama yatima peke yao; walipokua wakaingia masti mapema, ikadumu kupita kawaida, na katika miaka ya 1990 wakaua vifaru zaidi ya 40. Mwaka 1998 yakaletwa madume sita makubwa kutoka Kruger. Mauaji yakakoma.

Sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa, ule wa miti. Mnyama anayekula hivi lazima aharibu. Husukuma mgunga ukaanguka kwa ajili ya majani machache ya juu. Hutoboa mbuyu kwa pembe na kuvuta nyuzi zake zenye unyevu mpaka shina linabaki na shimo la kuingia mtu. Nenda Tarangire au Ruaha utaiona. Je, huyu ni mharibifu au ni mjenzi?

Swali hilo liliwagawa watu wa Tsavo katika miaka ya 1960. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1948 ilikuwa pori zito la miiba. Miaka 20 baadaye, sehemu kubwa ya Tsavo Mashariki ilikuwa miti iliyolala na nyasi zikianza kuenea. Richard Laws, mwanasayansi aliyekuja kuongoza utafiti mwaka 1967, aliona tembo wamezidi na wapunguzwe kwa bunduki, maelfu. Mhifadhi mkuu, David Sheldrick, alikataa: acha pori lijiamulie. Laws akaondoka. Mwaka 1970 mvua zikakata, na katika ukame wa 1970 na 1971 tembo wapatao 6,000 wakafa, wengi majike na ndama, kwa sababu hawakuweza kwenda mbali na maji ya mto Galana na karibu na mto hapakuwa na jani. Halafu wakaja majangili. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 tembo wa Tsavo walikuwa wamebaki sehemu ndogo tu ya walivyokuwa, na vichaka vikaanza kurudi.

Nani alikuwa sahihi? Nadhani wote wawili waliliangalia pori kama kwamba lile la 1948 ndilo lilikuwa la asili. Kumbuka kilichotangulia: katika karne ya 19 misafara ya pembe ilipita nyika hizo miaka nenda miaka rudi, mzigo ukishuka Mombasa, Pangani na Bagamoyo kuelekea Zanzibar. Upo uwezekano mkubwa kwamba pori lile zito lilikuwa hivyo kwa sababu tembo walikuwa wameuzwa. Mbuga na pori hupokezana, na tembo ni mmoja wa wanaogeuza zamu, pamoja na moto na mvua.

Mfano ulio wazi zaidi uko Laikipia, na mhusika mkuu ni mdudu. Kwenye udongo mweusi wa huko unaota mgunga wenye vinundu vyeusi vilivyo wazi ndani, ule unaopiga mluzi upepo ukivuma. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi. Ukigusa tawi wanamiminika, na tembo, ambaye hajali miiba, hapendi kabisa sisimizi waingie ndani ya mkonga. Tembo yatima waliopewa matawi ya mti huu yaliyoondolewa sisimizi waliyala bila shida. Yenye sisimizi waliyaacha. Mdudu wa miligramu kadhaa anamzuia mnyama wa tani tano.

Kisha wakafika sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, walioenea duniani kwa kubebwa na shehena za watu. Hawa huwaua sisimizi wenyeji na kula watoto wao, lakini wao mti hawaulindi. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, hukohuko Laikipia, sehemu walizovamia tembo huvunja miti mara tano hadi saba zaidi ya kwingine. Mtafiti Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walifuatilia kilichotokea baadaye na kukichapisha mwaka 2024. Miti ilipoanguka, simba walipoteza maficho ya kuvizia. Punda milia wanaona mbali sasa, wanakimbia mapema. Simba hawakufa njaa. Wamegeukia nyati, windo lililo hatari zaidi na linalohitaji simba wengi zaidi kuliangusha. Ukiulizwa kwa nini simba wa Ol Pejeta wanakula nyati, jibu linapitia kwenye mkonga wa tembo hadi kwa sisimizi.

Kwa hiyo idadi ya tembo pekee haikuambii kama pori litapona au litaisha. Inategemea kama wana pa kwenda ili mti upumzike, na kama mti wenyewe una ulinzi wake. Mti uliovunjwa nao si hasara tupu. Watafiti waliohesabu mijusi hukohuko Laikipia, jamii ndogo ya mjusi kafiri, waliikuta zaidi kwenye miti iliyopasuliwa na tembo, kwa kuwa nyufa ndizo nyumba zake.

Upande wa ujenzi unarudi kwenye lile bonge la mavi. Tumbo lisilosaga vizuri ni gari zuri la mbegu. Katika misitu ya Kongo, tembo wa msituni, ambaye ni spishi tofauti na huyu wetu wa nyika, hubeba mbegu mbali kuliko mnyama mwingine yeyote wa huko, mara nyingi zaidi ya kilomita moja na wakati mwingine makumi ya kilomita. Kibale, Uganda, kuna mti mkubwa wa jamii ya mjunju ambao tunda lake hakuna mwingine anayelimeza zima. Pasipo tembo, matunda huozea chini ya mama yao. Na mbegu haitui mikono mitupu, inatua na mbolea yake. Mbolea hiyo nayo ina wateja: Tsavo, wakati wa mvua, wataalamu wa miaka ya 1970 walihesabu mbawakawa 16,000 waliolimaliza fungu la kilo moja na nusu la mavi ya tembo ndani ya saa mbili, wakila, wakizika na kuviringisha.

Na maji. Ruaha, pale mto Mwagusi unapogeuka mchanga mtupu, tembo huchimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuje safi chini, hunywa, wakaondoka. Wanaofuata ni nyani, ngiri na ndege. Mlima Elgon huingia ndani kabisa ya pango la Kitum usiku, gizani, wakachokoa ukuta kwa pembe na kula mwamba wenye chumvi ambayo majani ya huko hayana.

Mkulima anayepakana na hifadhi atasema hayo yote ni mazuri kwa mtalii. Kwake yeye, tumbo hilohilo linakuja saa nane za usiku. Mahindi ni chakula laini, chenye nguvu, kilichopangwa mistari. Kwa mnyama aliyezoea magamba, shamba la ekari moja ni karamu, na madume ndio wanaothubutu zaidi. Tanzania ipo kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Mbinu za shambani ni nyingi. Kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Matofali ya pilipili na mavi ya tembo, yanayochomwa ili moshi uwashe. Iliyopata sifa zaidi ni ya mtafiti Lucy King, iliyojaribiwa huko Sagalla karibu na Tsavo: mizinga ya nyuki inaning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Ngozi ya tembo ni nene, lakini machoni, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga anaumia kama sisi. Mkulima anapata na asali. Udhaifu wake ni kwamba ukame ukija nyuki huhama, na ukame ndio wakati tembo ana njaa.

Dawa ya kudumu ni shoroba, yaani njia za wanyama kati ya hifadhi na hifadhi. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ni njia iliyominywa na mashamba, makazi na barabara kuu. Kenya walichimba njia ya chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru ili tembo wa Mlima Kenya wapite, na mwanzoni mwa 2011 wa kwanza akapita. Kuziba njia kunaleta yale ya Tsavo: miti kuvunjwa mahali pamoja, hakuna unaopata kupumzika.

Kuhusu ujangili, takwimu zinajulikana. Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ikakuta 43,000 na ushei. Kinachosahaulika ni nani alikufa. Jangili hutafuta pembe kubwa, na pembe kubwa ziko kwa wazee: mabibi wanaojua njia na madume wanaotuliza vijana. Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliondoa tembo tisa kwa kila kumi, na majike wasio na pembe wakapanda kutoka chini ya mmoja kwa watano hadi nusu. Utafiti wa 2021 ulieleza sababu: hali hiyo hurithiwa, na watoto wa kiume wanaorithi huelekea kufa kabla ya kuzaliwa, ndiyo maana madume wasio na pembe hawaonekani.

Tangu 2014 idadi Tanzania imeanza kupanda, na ndama wanaonekana tena. Hesabu ya vichwa inaweza kurudi katika muda wa kizazi kimoja cha watu. Hesabu ya umri haina njia ya mkato: ndama aliyezaliwa Selous mwaka ule wa sensa atafikisha miaka 35, umri wa chini waliokuwa nao mwaka 1993 majike wa Tarangire waliouona ukame wa 1958, mwaka 2049.